Tabaka Moja la Nuru: Mjadala kwenye Meza ya Fundi

Kioo cha simu kilichopasuka kimelala juu ya meza ya fundi, mjini Ndhiwa, Kenya. Ufa wenyewe si mkubwa. Umeanzia pembeni ukakomea pale saa inapoandikwa. Kando yake kuna doa jeusi, na doa hilo halitulii. Juzi lilikuwa kama punje ya mtama. Leo limefikia upana wa kucha ya kidole gumba. Mwenye simu anaapa kuwa wino umemwagika ndani. Fundi anatikisa kichwa: humu hamna wino.

Doa hilo ndilo lililozua mjadala. Nimewaketisha pale watu wanne nikawapa vyeo badala ya majina, maana kila mmoja anasema yanayosemwa na wengi. Yupo Fundi mwenyewe. Yupo Mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari. Yupo Mama anayeuza omena sokoni. Na yupo Jaduong', yaani mzee, mkulima wa miwa, ambaye kwa umri wake ndiye mwenyekiti hata asipochaguliwa. Hoja iliyo mbele yao ni hii: utafiti wa semikondakta za kikaboni, unaofanywa ili vifaa vya kutoa mwanga viwe rahisi zaidi kuundwa, unaihusu Ndhiwa. Mwalimu anaunga mkono. Mama anapinga. Fundi anasema yeye ataenda na ukweli.

JADUONG': Mwalimu, wewe ndiye uliyeleta maneno haya. Anza. Lakini anzia hapa mezani, usituanzie ng'ambo.

MWALIMU: Ayie, nakubali, Jaduong'. Nianze na doa. Simu hii ina kioo cha OLED. Kioo cha LCD huwa na taa nyuma yake, na mbele ya taa kuna vijilango vya kuizuia au kuiachilia. Hiki hakina taa nyuma. Kila nukta inawaka yenyewe. Na kinachowaka si madini magumu kama yaliyomo kwenye balbu ya LED; ni michanganyiko ya kaboni, ndugu wa rangi tunazotilia nguo. Ndiyo maana inaitwa ya kikaboni. Ufa umefungua mlango, hewa na unyevu vimeingia, na kila vinapofika nuru inazima.

FUNDI: Hapo nakubali. Cha LCD kikipasuka, ufa mara nyingi hukaa palepale, na mteja anaweza kuuvumilia miezi. Hiki hakivumiliki. Kikikaa wiki, nusu ya skrini imekwenda. Na nikitaja bei ya kipya, mteja ananiuliza kama namuuzia kioo au mbuzi.

MAMA: Kumbe unakuja kutusifia kitu kinachouawa na hewa. Mwalimu, hapa Ndhiwa hewa tunayo ya kutosha.

MWALIMU: Hilo ni kosa lake, Mama, na sikatai. Lakini sikiliza kilichomo ndani kabla hujakitupa. Mwaka 1977, Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walionyesha kuwa aina ya plastiki inaweza kupitisha stima vizuri ikitiwa kemikali inayofaa. Wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2000. Mwaka 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walipanga matabaka mawili ya michanganyiko hii, membamba kiasi kwamba ungehitaji mamia yake kuufikia unene wa unywele. Wakayapa volti zisizofika 10, yakatoa mwanga wa kijani. Miaka mitatu baadaye, wanasayansi wa Cambridge wakafanya hivyo kwa plastiki ya tabaka moja tu.

FUNDI: Moja? Basi urahisi huo si mpya. Kwa nini kioo hiki, nikisoma maelezo yake, kina matabaka matano, sita, hata zaidi?

MWALIMU: Kwa sababu tabaka moja la siku zile liliwaka hafifu mno. Wakaongeza tabaka la kuingiza chaji, la kuzisafirisha, la kuzizuia zisipitilize, la kutoa mwanga, halafu upande wa pili wakarudia yale ya kuingiza, kusafirisha na kuzuia chaji. Kila tabaka huvukizwa ndani ya ombwe na kutandazwa kwa kipimo cha nanomita. Mashine zake ni ghali, na viwanda vyenye uwezo huo ni vichache duniani.

JADUONG': Hilo nalielewa bila kemia. Muwa wangu una mkataji, mpakiaji, mwenye trekta na karani wa mizani. Kila tabaka linakula. Likija la mwisho kunifikia mimi, sukari imekwisha.

Nasimama hapa kidogo, kwa kuwa Jaduong' amegusa kiini. Watafiti wa sasa wanauliza swali lake lilelile: ni nani katika mstari huu anayeweza kuondolewa bila mzigo kuanguka? Jibu lao limekuwa gumu. Ukitaka kuondoa matabaka ya kusaidia, lile linalobaki lazima lijue kazi zote. Lipokee chaji, lizisafirishe kutoka pande zote mbili kwa mwendo ulio sawa, na liwake.

MWALIMU: Ngoja nieleze kwa barabara. Chukua njia panda ya Rodi Kopany. Elektroni zinatoka upande wa Homa Bay. Upande wa Rongo zinatoka nafasi tupu zinazoachwa na elektroni, tunaziita matundu. Zikikutana katikati, pale njia panda, jozi hupatikana na mwanga hutoka. Lakini kama barabara ya Homa Bay ni mbovu, magari ya Rongo yatapita njia panda bila kukutana na mtu na kwenda kugongana na ukingo. Umetumia stima, hukupata mwanga.

FUNDI: Na ubovu wa barabara unaletwa na nini?

MWALIMU: Mitego. Mahali ambapo chaji inanasa kama trekta la miwa kwenye udongo wetu mweusi baada ya mvua. Mwaka 2019, watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Utafiti wa Polima, mjini Mainz, Ujerumani, walipima semikondakta nyingi za kikaboni wakakuta kanuni. Nishati ya kung'oa elektroni kutoka kwenye kitu hicho ikizidi elektroni-volti 6, matundu yanaanza kunasa. Uwezo wake wa kupokea elektroni ukishuka chini ya 3.6, elektroni nazo zinanasa. Walipouliza tope hilo linatoka wapi, hesabu za kompyuta ziliwaonyesha vikundi vya molekuli za maji kuwa ndivyo vinavyonasa matundu.

JADUONG': Maji! Basi ni udongo mweusi kabisa. Kiangazi unapita hata na kiatu kizuri, mvua ikinyesha unaacha kiatu humo.

MWALIMU: Hasa. Mwaka huohuo, watu wa Mainz walichagua mchanganyiko mmoja ulio ndani ya mipaka hiyo, wakautandaza tabaka moja kati ya vipitishi viwili. Uliwaka kwa volti 2.9 kwa ukali wa kandela 10,000 kwa mita ya mraba, mwanga unaozidi kwa mbali wa skrini yoyote hapa mtaani. Na hawakutumia iridi.

MAMA: Iridi ni nani tena?

MWALIMU: Ni metali adimu. Chaji zikikutana, jozi moja tu kati ya nne huwa katika hali ya kuwaka kirahisi. Tatu hupotea kama joto. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iligunduliwa kuwa metali nzito, kwanza platini na baadaye iridi, zinaweza kuziokoa hizo tatu. Halafu mwaka 2012, Chihaya Adachi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, wakaonyesha kuwa molekuli isiyo na metali hizo inaweza kupangwa hivi kwamba joto la kawaida la chumba lizinyanyue jozi zile tatu hadi ziwake. Mchanganyiko wa Mainz unatumia mbinu hiyo.

MAMA: Subiri hapo. Iridi inachimbwa wapi?

MWALIMU: Sehemu kubwa Afrika Kusini, pamoja na platini.

MAMA: Kwa hiyo kitu kimoja ambacho Afrika ilikuwa inauza kwenye kioo hiki, wenye akili wametafuta njia ya kukikwepa. Na bado unaniambia niunge mkono?

Mwalimu anacheka, lakini hajibu upesi. Mama ana hoja, tena si ndogo. Kila tunaposikia kwamba teknolojia imerahisishwa, inafaa kuuliza imerahisishwa kwa nani. Kodak iliyozaa taa hii iliuza biashara yake ya OLED kwa LG ya Korea Kusini mwaka 2009. Marekani yenyewe, ilikozaliwa, haikuhodhi viwanda vyake. Sasa Ndhiwa itapita mlango gani?

MAMA: Nipeni nafasi yangu kamili. Mimi nauza omena. Omena huvuliwa usiku wa giza, na mvuvi huenda na taa. Zamani ilikuwa karabai ya mafuta ya taa, moshi hadi kifuani. Nyumbani tulikuwa na nyangile, koroboi ya mkebe. Watoto walisomea hapo na asubuhi pua ni nyeusi. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo cha sola Mbita, katika mradi ulioitwa Umeme Kwa Wote. Wavuvi wakachukua taa zilizochajiwa, alfajiri wakazirudisha. Leo LED na paneli ya sola vinauzwa kila duka la vifaa vya stima. Taa imekuja, imefika. Shida yangu ya giza imekwisha. Sasa Mwalimu, niambie: taa yako ya tabaka moja inakaa muda gani?

MWALIMU: Ile ya mwaka 2019, ikianzishwa kwa kandela 1,000 kwa mita ya mraba, mwanga wake ulipungua hadi nusu baada ya saa 1,880.

MAMA: Mimi huwasha saa moja jioni hadi saa tano. Saa nne. Fundi, gawanya.

FUNDI: Usiku 470.

MAMA: Mwaka mmoja na miezi mitatu na kidogo, halafu niko nusu gizani. Kifurushi cha balbu ya LED huandikwa saa elfu kumi na tano.

FUNDI: Kuandikwa ni kitu kimoja, Mama. Balbu ninazoletewa hapa, nyingi hufa mapema, tena si LED yenyewe iliyokufa. Ni ile saketi ndogo kitakoni, inayobadilisha stima ya ukutani. Ikichemka, imekwisha. Nikitoa LED nikazijaribu na betri, zinawaka.

MWALIMU: Hapo Fundi umenisaidia bila kujua. Kifaa kinachowaka kwa volti chini ya 3 kinaelewana na betri moja ya simu. Lakini sitajificha, Mama. Kwa taa ya jikoni, umeshinda. Hakuna anayepaswa kutupa LED yake akisubiri OLED. Nilitaka kuzungumzia kitu kingine.

JADUONG': Basi kiseme. Jua linazama.

MWALIMU: Matabaka yakipungua, thamani inahamia wapi? Kifaa cha matabaka saba, utajiri wake uko kwenye mashine. Kifaa cha tabaka moja, utajiri wake uko kwenye molekuli. Na molekuli, Jaduong', hutengenezwa kwenye chupa ya maabara na mtu aliyesoma kemia.

FUNDI: Na chupa hizo ziko wapi upande huu wa dunia?

MWALIMU: Addis Ababa. Kwa miaka mingi mwanakemia Wendimagegn Mammo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa wametengeneza polima zinazopitisha stima, wakishirikiana na vyuo vya Uswidi, kwa ajili ya seli za sola. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefanya kazi ya seli za sola zenye rangi za kikaboni. Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited. Si kwamba Afrika Mashariki haijagusa mambo haya.

JADUONG': Na muwa wangu? Asubuhi ulisema jambo kuhusu muwa.

MWALIMU: Nilisema, nikaogopa mtanicheka. Makapi ya miwa yakichemshwa kwa mvuke na asidi hutoa kimiminika kiitwacho furfurali, chenye harufu kama ya lozi. Si ndoto, Sezela, Afrika Kusini, wameitengeneza kutokana na makapi ya miwa. Kutoka kwa furfurali unapata furani. Mwaka 2010, Michael Bendikov na wenzake katika Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliunganisha furani kadhaa zikawa mnyororo, na mnyororo huo ni semikondakta inayong'aa sana.

Kimya. Jaduong' anatazama nje, upande wa kiwanda, ambako makapi ya miwa hulishwa tanuri. Kisha anauliza swali la mkulima.

JADUONG': Tani moja ya makapi wataninunulia kwa ngapi?

MWALIMU: Kwa ajili ya taa, hawatakununulia hata gunia. Taa zinataka gramu. Na minyororo ile ina udhaifu wake: mwanga na oksijeni huiharibu, na haijaingia kwenye simu yoyote dukani. Sikuja kukuuzia ndoto, Jaduong'. Nimekuja kukuonyesha kuwa kitu unachokiita taka ni mlango wa kemia hiyohiyo.

MAMA: Jaduong', wewe unakumbuka Gogo?

JADUONG': Nitaisahau vipi? Mto Kuja unapita kwetu. Miaka ya 1950 walijenga pale Gogo kituo cha stima, megawati 2, kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Maji yalikuwa yetu, stima ikaenda mgodini. Mgodi ulipofungwa, nyumba za jirani bado zilikuwa na koroboi. Nuru ilitupita juu ya vichwa kama ndege.

MAMA: Ndivyo ninavyoogopa. Mtachukua makapi, mtachukua watoto wenye akili, nuru itawaka Mainz na Seoul. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Jaribio la kemia analielezwa kwa mdomo, kwa sababu bomba la maabara halitoi maji. Atatengenezaje molekuli?

FUNDI: Niulize la mwisho. Mwalimu, umesema kijani. Skrini inataka pia nyekundu na bluu, na taa nyeupe haipatikani bila bluu. Bluu ya tabaka moja ipo?

MWALIMU: Umeuliza lile linalowanyima usingizi. Rudi kwenye kanuni: 6 toa 3.6 ni 2.4. Hiyo ndiyo nafasi salama, elektroni-volti 2.4. Nyekundu na kijani zinaenea humo. Bluu inahitaji karibu 3, kwa hiyo lazima ikanyage tope upande mmoja. Hata LED za madini zilikwama kwenye bluu miaka mingi. Walioivumbua, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa hizi za kikaboni, watafiti wa Mainz walionyesha njia mwaka 2023. Waliichora molekuli ili sehemu inayobeba elektroni ikae katikati, na sehemu nyingine za molekuli ziizunguke kuikinga na mitego.

JADUONG': Kama boma la kwetu lenye ua wa ojuok. Nyumba katikati, ua pande zote, fisi abaki nje.

MWALIMU: Ndivyo. Wakapata taa ya bluu ya tabaka moja, kuthibitisha tu kuwa inawezekana. Kuidumisha ni kazi ambayo bado inatafuta watu.

FUNDI: Basi mimi naona hivi. Urahisi huu ni wa kifaa, si wa kazi. Ugumu haujaondoka, umehama kutoka kiwandani ukaingia ndani ya molekuli. Mimi fundi sitautengeneza kwa bisibisi. Kioo hiki kikifa, kimekufa. Kama mnataka niunge mkono, mtu anayechora molekuli afikirie pia anayezibadilisha skrini.

Hapo Jaduong' ananyanyua fimbo yake, ishara kwamba maneno yametosha. Kwa desturi ya mjadala, mwenyekiti huamua. Leo ananigeuzia mimi niliyekuwa nikiandika: "Wewe unayeshika kalamu, kata shauri."

Nakata hivi. Kuhusu taa ya nyumbani, Mama ameshinda, na ushindi wake ni wa hesabu: usiku 470 hautoshi kumng'oa mtu kwenye LED yake. Yeyote atakayeleta sokoni Ndhiwa taa mpya ya kikaboni aulizwe kwanza itakaa saa ngapi, na itamfaa nani ikipasuka. Fundi ameshinda kwa kutuambia ugumu umehamia wapi. Na hapo hasa ndipo Mwalimu anaposhinda. Ugumu ukiwa ndani ya mashine za ombwe, sisi hatumo. Ukihamia ndani ya molekuli, anayeukabili ni mtu mwenye chupa, mizani, na kichwa kilichofundishwa kufikiri kwa kaboni. Mtu huyo anaweza kuzaliwa hapa kwetu, Kanyamwa au Kabuoch, kama alivyozaliwa kwingineko. Hofu ya Jaduong' kuhusu Gogo haifutwi na maneno matamu. Inafutwa pale tu watoto wa mto wanapokuwa ndio wanaojua kilichomo ndani ya taa.

Hoja imepita, kwa sharti la Mama. Huko Mainz wanahangaika kuyatoa maji kati ya molekuli. Sisi tuanze kwa kuyafikisha maji kwenye bomba la maabara ya shule.